MP3 ya bei nafuu na ahadi zilizobaki kwenye boksi

Mwanzoni mwa msimu huu wa kupulizia mikorosho nilinunua kicheza muziki kidogo, kile ambacho wauzaji wa maduka ya simu hapa Mtwara mjini bado wanakiita MP3, kwa bei iliyo chini kidogo ya shilingi 50,000. Nimekitumia shambani Nanyamba, nyumbani Chikongola na kwenye basi la kwenda Dar es Salaam, na sasa naweza kusema bila kusitasita kwamba kimenikatisha tamaa. Ubovu wake, hata hivyo, haukuwa pale nilipoutarajia. Nilidhani sauti ndiyo ingekuwa mbaya, kumbe sauti inavumilika. Kilichonichosha ni mambo madogo ambayo mtengenezaji angeweza kuyaweka sawa kwa gharama ndogo sana, lakini hakuyajali, kwa sababu hakuna hata moja kati yake linaloonekana wakati mteja amesimama mbele ya kaunta.

Kwanza nijibu swali ambalo karibu kila aliyekiona mkononi mwangu ameniuliza: mwenye simu janja anahitaji MP3 ya nini? Anayelima korosho hatauliza. Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapochanua, tunapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua na upepo haujaanza kuvuma. Vumbi lake la njano huingia kila penye upenyo, na tundu la chaji la simu ni upenyo mmojawapo. Simu yangu ndiyo benki yangu, ndiyo inayopokea taarifa za chama cha msingi, na ndiyo ninayopigiwa kutoka nyumbani kukiwa na mgonjwa. Sioni sababu ya kuimaliza chaji kwa nyimbo mahali ambapo hakuna umeme. Mashine ikinguruma hakuna muziki unaosikika, na aliyevaa barakoa na miwani hahitaji kitu kingine kichwani. Muziki ni wa saa zinazofuata, za kupalilia na kupogoa, na zaidi ni wa miezi ya Oktoba hadi Desemba, tunapookota korosho na kuzitenganisha na mabibo, kazi inayochosha akili kuliko inavyochosha mwili.

Kwa hiyo mahitaji yangu yalikuwa machache. Nilitaka kifaa chenye vitufe ninavyoweza kuvibonyeza bila kutazama, kinachocheza nyimbo kwa mpangilio nilioupanga, kinachokumbuka nilipoishia, na kinachochajika kwa waya wowote ulioko nyumbani. Boksi halikutaja hata moja kati ya hayo. Lilitaja blututhi, kioo cha rangi, video, vitabu vya kielektroniki, kinasa sauti, saa ya kuamsha, kihesabu hatua, redio, nafasi ya GB 8 ndani, mahali pa kadi ya hadi GB 128, na betri ya kucheza saa 30. Juu ya hayo yote muuzaji akaniongezea kadi ya GB 64 kama zawadi.

GB 8 zilipoonekana kwenye kompyuta kuwa 7.4 na ushee sikulalamika, na hapo mtengenezaji hana kosa. Yeye huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali kompyuta yenye Windows hugawanya kwa 1,073,741,824, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuishusha 8 hadi 7.45. Isitoshe, nafasi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB moja kwa kila dakika, hivyo GB 8 zinabeba zaidi ya saa 130 za muziki. Maana yake ni kwamba kadi ya zawadi haikuwa na kazi yoyote kwangu, isipokuwa kufanya bei ionekane ndogo.

Na kadi yenyewe ilikuwa feki. Nyimbo za mwanzo ziliingia vizuri. Baadaye majina yote yalionekana kwenye orodha, lakini mengi nikiyachagua kifaa kilikaa kimya kidogo kisha kikarukia wimbo mwingine. Niliijaribu kwa programu iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi kwa data kisha huisoma upya na kulinganisha, nikaona kwamba nafasi yake halisi haifiki hata GB 8. Wanaotengeneza kadi za namna hii huchezea kidhibiti kilichomo ndani ili kitangaze ukubwa usiokuwepo. Simu au kompyuta huamini, huandika, na data inayozidi nafasi halisi ama hupotea ama huandikwa juu ya ile iliyotangulia. Mimi nilikuwa na nakala za nyimbo zangu kwenye kompyuta, lakini namfikiria mtu anayehamisha picha za harusi kutoka kwenye simu, anaona majina yote yamefika, kisha anazifuta kwenye simu ili apate nafasi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniudhi kuliko yote, nalo ni mpangilio. Nina mfululizo wa mawaidha wa sehemu 12, kila moja ikikaribia saa nzima, na nina makusanyo ya muziki wa dansi niliyoyapanga kwa bendi na kwa miaka, Morogoro Jazz mahali pake na Mlimani Park mahali pake. Kwenye kompyuta kila kitu kimekaa sawasawa. Ndani ya kifaa, sehemu ya saba ya mawaidha ilitangulia ya pili, na ya kumi na moja ikafuata baada ya hapo. Chanzo chake kinajulikana: vifaa vingi vya bei nafuu havipangi mafaili kwa majina, bali huyasoma kwa kufuata orodha iliyomo kwenye FAT, mfumo wa kuhifadhia mafaili kwenye kumbukumbu, yaani kwa utaratibu ule ule ambao majina yaliandikwa kwenye kumbukumbu. Ukinakili mafaili mengi kwa pamoja, kompyuta inaweza kuyaandika kwa utaratibu usiofanana na ule unaouona kwenye kioo chake. Ukifuta wimbo mmoja, jina la wimbo unaofuata kuingizwa linaweza kuchukua nafasi iliyoachwa wazi na kujikuta katikati ya folda isiyotarajiwa. Kuandika namba mwanzoni mwa majina, 01, 02, 03, ambako ndiko ushauri wa kila mtu, hakusaidii kitu kwa sababu kifaa hakiyatazami majina hayo.

Dawa ipo. Unaweza kuifomati upya kumbukumbu na kunakili faili moja baada ya jingine kwa utaratibu unaoutaka, au ukatumia programu kama FatSort, ambayo huipanga upya orodha yenyewe bila kugusa nyimbo. Nimefanya hivyo, na ikafaa. Lakini mzee wa Nanyamba anayenunua kifaa hiki hana kompyuta wala FatSort. Ana kijana wa dukani anayemrushia nyimbo kwa malipo kidogo, na kijana huyo atamrushia folda nzima kwa mkupuo mmoja na kumwambia aende salama. Kupanga majina mia mbili kwa alfabeti ni kazi ndogo mno kwa chipu ambayo muda huo huo inafungua muziki uliobanwa. Hakuna gharama ya ziada kiwandani, hakuna kipuri cha kununua. Ni mistari ya programu ambayo hakuna aliyeona haja ya kuiandika.

Nduguye wa ugonjwa huo ni usahaulifu. Nikikizima kifaa katikati ya mawaidha, kikiwashwa kinarudi kwenye wimbo wa kwanza wa folda ya kwanza, kana kwamba hatujawahi kuonana. Ili nifike dakika ya arobaini ya sehemu ya tano ni lazima nipitie folda, nichague faili, kisha nishikilie kitufe cha kupeleka mbele, ambacho huenda kwa mwendo ule ule wa konokono hata ukikishikilia mpaka kidole kife ganzi. Kwa nyimbo za dakika tatu hilo halina madhara makubwa. Kwa dansi la zamani, ambalo wimbo mmoja huweza kwenda zaidi ya dakika nane kabla gitaa la solo halijamaliza mazungumzo yake, na kwa mawaidha au kisomo cha Kurani, ni kasoro inayokiondolea kifaa nusu ya manufaa yake.

Nimetaja kitufe, nami nimekipa jina lisilostahili, kwa kuwa hakibonyezeki. Ni alama zilizochorwa kwenye plastiki laini na zinazohisi mguso wa ngozi, kama kioo cha simu kinavyohisi. Dukani zinapendeza kweli. Mwezi wa Oktoba, mikono ikiwa na utomvu wa mabibo, ama hazihisi kitu ama zinahisi kila kitu, na ukikitia mfukoni huku paja linatoka jasho, sauti hupanda yenyewe hadi mwisho. Kipo kifungo cha kuzifunga, lakini nacho ni alama ya kugusa. Aliyebuni jambo hili sidhani kama amewahi kutembea na kifaa chake mfukoni katika joto la pwani.

Kuhusu sauti ni haki niseme kwa usawa. Hedifoni zilizokuja ndani ya boksi ni za kutupa, na nilizitupa. Nilipochomeka zangu za zamani nilisikia muziki safi wa kutosha, besi ikiwa mahali pake na sauti za waimbaji zikieleweka. Kuna mvumo mdogo unaosikika nyuma ya muziki, sss ya kudumu ambayo haipungui hata ukipunguza sauti, kwa kuwa inatoka kwenye kikuza sauti chenyewe. Nyimbo za kisasa huifunika, lakini taarabu inapoanza kwa kanuni, ile ala ya nyuzi, peke yake mvumo huo unatangulia. Hatua za kuongeza sauti nazo ni pana mno, hivyo kuna usiku nyumbani ambapo hatua moja ni ndogo na inayofuata itamwamsha mtoto hata akiwa mbali na hedifoni. Faraja moja ndogo: nakala zangu za dansi la miaka ya 1970 ni za mono, yaani sauti ile ile pande zote mbili, kwa hiyo hedifoni ikifa upande mmoja sikosi chochote.

Kwamba sauti ni ya kuridhisha si ajabu. Mfumo wa MP3, uliobuniwa kwa sehemu kubwa katika taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ulikuwa na ada za hataza, yaani haki za wavumbuzi, kwa miaka mingi, na mpango wa leseni zake ulifungwa mwaka 2017. Chipu za kuufungua zimekuwa rahisi kiasi kwamba zinatiwa hata kwenye spika za flashi zinazouzwa juu ya meza sokoni. Kucheza muziki, yaani kazi yenyewe ya kifaa, ndiko kumekuwa rahisi kuliko yote. Anayeuza kifaa cha namna hii akitaka kumzidi jirani yake anaongeza jambo la kuandika kwenye boksi, na hapo ndipo fedha na juhudi zote zinapoishia. Video, kwa mfano, zipo, ila kifaa hakisomi faili la MP4 linalotoka kwenye simu; kinataka uligeuze kwanza kuwa AMV, mfumo wa picha duni uliobuniwa kwa ajili ya vifaa vya aina hii, kwa kutumia programu inayohitaji kompyuta. Vitabu vya kielektroniki ni mafaili ya maandishi matupu kwenye kioo cha upana wa vidole viwili. Kihesabu hatua kilinihesabia safari ndefu ya miguu kati ya Nangurukuru na Somanga nikiwa nimeketi kwenye basi, dirishani.

Kwenye chaji nilipata elimu ambayo ningependa wengine waipate bila kulipia. Kifaa kina tundu la USB-C, na hilo ndilo lililonivutia, kwa kuwa simu yangu na powabenki ninayokwenda nayo shambani zote ni za USB-C, nami nilidhani waya mmoja ungetosha. Nilipoutumia waya wenye ncha mbili zinazofanana hakikuonyesha dalili yoyote ya uhai. Nilibadilisha waya, nikabadilisha chaja, nikakipeleka kwa fundi simu nikiamini kimekufa. Fundi alichomeka waya wa zamani, ule wenye kichwa kipana upande wa chaja, na kikaanza kuchaji.

“Mzee wangu, hiki hakijaharibika,” aliniambia huku akikifungua. “Hapa wamebana matumizi. Kuna rezista mbili hazipo.”

Alinieleza, na baadaye nikasoma na kuhakikisha, kwamba chaja yenye tundu la USB-C haitoi umeme hovyo. Husubiri kwanza itambue kuwa upande wa pili kuna kifaa kinachohitaji kuchajiwa. Kifaa hujitambulisha kwa rezista, vipuri vidogo vya kuzuia umeme, mbili za kiloomu 5.1 zilizounganishwa kwenye pini maalumu za tundu lake. Zisipokuwepo, chaja huona kama hakuna kitu, na inakaa kimya. Chaja yenye tundu pana la zamani haina utaratibu huo, umeme upo muda wote, ndiyo maana waya uliokuja ndani ya boksi ulifanya kazi na kuuficha upungufu. Rezista hizo ni punje mbili ndogo kuliko chembe ya mchele, na bei yake kiwandani ni kitu cha kuona haya kukitaja.

Kwa kuwa kilikuwa wazi, fundi alinionyesha na betri. Boksi limeandikwa 500 mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Betri yenyewe imeandikwa 250. Sikushangaa tena, kwa sababu saa 30 zilizoahidiwa sijawahi kuziona hata nusu yake, blututhi ikiwa imezimwa na kioo kimelala. Nikitumia hedifoni za blututhi muda hupungua zaidi, na mfuko wa nyuma wa suruali unatosha kuukata muziki vipandevipande.

Redio ndiyo sehemu niliyoipenda. Inatumia waya wa hedifoni kama antena, kwa hiyo ni lazima hedifoni za waya ziwe zimechomekwa, lakini ikishazipata inashika vizuri, na inaridhika na betri ndogo kuliko nilivyotarajia. Ilikuja ikiwa imewekwa kwenye masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76, jambo linaloifanya izunguke sana kabla ya kufika zilipo stesheni zetu, kati ya 87.5 na 108. Kwenye mipangilio hilo linabadilishwa mara moja tu.

Wapo watakaosema kwamba kwa bei ile nilitegemea nini. Jibu langu ni kwamba kifaa kidogo cha bei ya wastani kimewahi kutengenezwa vizuri. Sansa Clip ya SanDisk, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ilikuwa ya plastiki, yenye kioo kidogo sana, redio, kibanio cha kuishikiza kwenye shati na vitufe vinavyobonyezeka, na matoleo yaliyofuata yakaongezewa mahali pa kadi. Watu waliipenda kiasi cha kuiwekea Rockbox, programu huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea, ambayo hupanga mafaili kwa majina na kuweka alama mahali ulipoishia katika kila faili refu. Yaani mambo mawili yanayonitesa mimi leo yalitatuliwa na watu wasiolipwa, kwenye chipu dhaifu za miaka hiyo. Kisha simu zikalimaliza soko. iPod, iliyoanza Oktoba 2001, Apple waliitangazia mwisho Mei 2022, na waliobaki ni wa aina mbili: wanaouza vifaa vya gharama kubwa kwa wenye masikio ya anasa, na wasio na jina wanaobadilisha nembo ya boksi kila shehena.

Nilirudi dukani na kifaa na kadi. Muuzaji, kijana mstaarabu, alikiwasha, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akanirudishia. “Kaka, kinawaka na kinaimba. Ubovu uko wapi?” Nilimweleza habari ya mpangilio, usahaulifu na rezista, naye alinisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza kesi ya kijiji kingine. Alikuwa tayari kunibadilishia kwa spika ya flashi nikiongeza kidogo. Nilikataa, kwa kuwa muziki wangu shambani si wa kuwasikilizisha majirani.

Kuhusu kadi mambo yalikuwa tofauti. Tuliichomeka kwenye kompyuta yake ya kurushia nyimbo, tukaendesha H2testw, na mistari ya makosa ilipoanza kujaa aliacha kuzungumza. Tukajaribu nyingine kutoka kwenye pakiti ile ile, nayo ikawa hivyo hivyo. Alinipa kadi ya GB 16 kutoka kabati jingine, tukaipima mbele yake ikatoka salama, kisha akaishusha pakiti nzima kutoka ukutani na kuniomba nimwandikie jina la programu ile.

Kifaa bado ninacho. Nimekipanga kwa FatSort, nimenunua waya wa kichwa kipana wa kukaa nao shambani, na mawaidha nimeyakata vipande vya dakika kumi kumi ili usahaulifu wake usinigharimu sana. Bei ya korosho mnadani mwaka huu ikiwa nzuri, nitamwagiza mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam aulizie Sansa Clip iliyotumika, betri yake ikiwa bado inakaa na chaji.